Vifungo Saba

Mimi ni binti wa aliyeuvuta upinde.
Natanguliza hilo, msije mkalisikia kwa mwingine.

Bondeni kwetu Yamop, kombe moja la chaza,
lililopanda milima kwa mikono ya watu mia,
lilitosha mahari.
Basi fikirini: mtu anatokea mtoni
na makombe saba madogo kifuani, yamepangwa,
anayafungua na kuyafunga kama mchezo.

Hakuwa mzungu. Alikuwa mweusi kuliko baba,
Ilaitia, mtu wa Fiji, na mkewe Vasiti,
na kitabu, na birika, na gunia la chumvi lililolowa.
Neno lake hatukulielewa.
Kikohozi chake tulikielewa upesi.

Watoto kumi na mmoja, kabla viazi havijakomaa.
Kaka yangu Oruk alikuwa wa tisa.
Tulimchoma kwa kuni za mvinje, na baba
akajipaka majivu usoni, asinawe.

Wangeweza kuondoka. Vasiti alikwisha funga mizigo.
Lakini kila alfajiri Ilaitia alishuka na birika
akawanywesha waliolala, nyumba kwa nyumba,
hata shangazi yangu, aliyemtemea mate.
Wanaume wakasema: tazameni, anawanywesha ugonjwa.
Na asubuhi moja, kwenye daraja la kamba,
mshale wa baba ukamkuta mikono yote miwili imeshika birika.
Hakuliangusha. Aliketi nalo, polepole,
kama mtu anayeogopa kumwaga.

Polisi wakapanda kutoka pwani na pingu zao.
Wakampitisha mjane mbele ya kila mwanamume. Huyu? Huyu?
Alipofika kwa baba akayatazama yale majivu,
akayatazama sana.
"Sikuona," akasema.
Alikuwa ameona. Uongo mwingine sikuusikia kwake,
nami nimeishi naye miaka arobaini.
Polisi walitaka kifungo;
vifungo vilikuwa shingoni mwa mama, chini ya mkoba wa kamba.

Alirudi mwaka wa tatu, peke yake, na sindano.
Watu husema yaliyopita si ndwele.
Yetu yalikuwa ndwele hasa, yenye homa na makamasi,
na Vasiti hakuyaruka. Alikaa chini, matopeni,
akasema kwa lugha yetu, akiivunjavunja:
"Kile kikohozi tulikileta sisi. Hatukujua.
Nimekuja kuomba."

Kuomba! Baba alikuwa na nguruwe tisa nyuma ya ua,
amewanenepesha ili aombe yeye.
Mdai kamtangulia mdaiwa kupiga magoti.
Baba alilia kwa sauti mbaya, kama jiwe linaloburutwa,
kisha akaviweka vifungo mbele yake, juu ya jani.
Akahesabu yule mama. Sita.
Akahesabu tena, kwa kidole.
Hakuuliza.

Cha saba kilikuwa chini ya ulimi wangu.
Nilikuwa na miaka tisa, nacho kilikuwa kizuri.

Alimshonea baba shati, akavirudisha vyote sita,
na tundu la saba, hapa chini ya koo,
akalipinda kwa uzi vizuri kuliko yote
akaliacha wazi.
Baba alizeeka na shati lile. Upepo wa mlimani
ukimwingia hapo, alicheka akikohoa:
"Mjane kaniachia dirisha."

Vasiti naye sasa amelala kando ya daraja, karibu na mumewe.
Siku zake za mwisho alinishika kidevu,
kama mtu anayemkagua mtoto meno,
akasema, "Hebu fungua mdomo, binti."
Nikafungua. Mna nini? Nilikuwa nina wajukuu.
Tulicheka wote wawili. Hatukusema kitu.

Sasa nasema.
Kipo hapa kiganjani, kimelika ukingoni.
Usiku mwingine hukiweka mahali pake pa zamani, ulimini.
Bado kina baridi.