Daftari la Kelele

Ofisi ya jengo ilinishauri niandike.
"Lalamiko lisilo na tarehe ni porojo," walisema.
"Andika saa, andika sauti ya namna gani, imedumu kiasi gani."
Nikanunua daftari la watoto wa shule,
jalada lake lina sungura aliyevaa miwani.

Jumatatu, saa tano na dakika kumi usiku: du. Du. Kimya. Du.
Jumanne, saa tano na robo: kitu kinaburutwa,
kama kabati lisilotaka kuhama.
Jumatano: hakuna. Nimelala macho nikiisubiri.
(Na hili nalo niliandike safu gani?)

Mimi nauza mikate ya mchele karibu na kituo cha treni, Incheon.
Saa tisa usiku niko jikoni, mvuke usoni.
Mchele haumngoji aliyekesha.

Kanuni nazijua. Zimebandikwa ndani ya lifti,
kona moja imebanduka:
baada ya saa nne usiku usifue kwa mashine,
usipige kinanda, usitwange kitunguu saumu,
watoto wasikimbie.
Na chini, kwa wino mwekundu:
usipande mwenyewe kugonga mlango wa jirani.
Mwambie mlinzi. Mlinzi atapiga simu.

Mlinzi Bong alipiga simu juu mara sita.
Mara sita akanirudishia jibu
kama mtu aliyebeba sahani ya moto: "Anasema si yeye."
Lisikikalo lipo, nikamwambia,
na kama halipo, laja saa tano na dakika kumi.
Nikachukua mpini wa ufagio, nikaigonga dari.
Du, du, du, du.
Hizo sikuziandika.

Mwezi wa tatu akaja mpatanishi wa wilaya, binti Eo Jin-seo,
na kipima sauti ndani ya mfuko wa sokoni.
Akatuketisha kwangu, mimi na Bwana Tak wa 1304.
Nilitarajia jitu.
Akaingia kibabu chembamba, miguuni ndara za sufi, soli nene,
alizozinunua, alisema, kwa ajili yangu.

Naye ana daftari.
Kalamu ya risasi, mistari imepigwa kwa rula.
Binti akayafungua mawili, ubavu kwa ubavu.

Jumatatu, saa tano na dakika kumi: du. Du. Kimya. Du.
Jumanne, saa tano na robo: kitu kinaburutwa.
Jumatano: hakuna.
Halafu, kwake tu:
"Wa chini ameanza tena kugonga kwa mti.
Mke wangu ameshtuka, anauliza kama vita vimerudi.
Nimemshika mkono hadi saa nane."

Niliitazama chai. Sikumbuki kama niliinywa.

"Zege ni mwongo," Jin-seo alisema.
"Sauti huingia kwenye nguzo, ikatokea inapotaka.
Unaisikia juu, kumbe iko ubavuni.
Unaisikia chini, kumbe imeshuka ghorofa nne."
Akazima taa. Tukakaa watatu gizani, kama wezi,
friji nayo nimeichomoa ili isitusemee.

Saa tano na dakika kumi.
Du.
Mimi nikanyoosha kidole darini.
Bwana Tak akanyoosha chake sakafuni.
Hakuna aliyecheka. Binti akaandika namba.

Ni Agosti sasa, na mwenyewe hajapatikana.
Huenda ni bomba. Huenda ni mtu wa 1107,
ambaye hajawahi kupokea simu ya mlinzi.
Ikilia, naandika kama zamani, saa na sauti,
kisha nabaki kimya kitandani, sikio juu,
nikisikiliza kama mke wa Bwana Tak ameamka.
Kuna usiku nasikia ndara zile, taratibu sana,
zikienda, zikirudi.
Hizo siziandiki.