Fungeni Bilula

Breda, saa tano za usiku, mvua ya rasharasha.
Ngoma yangu nimeivua begani, nimeilaza kitini
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi karamuni,
na Riet, mwenye baa, anafuta meza asiyoitazama.
"Wajua mlichokuwa mkikipiga uwanjani?" aniuliza,
kisha ananisomesha bila ada:
zamani mpiga ngoma alipita vichochoroni jioni,
akawaambia wenye vilabu, kwa vijiti tu, bila kinywa,
fungeni bilula za mapipa, askari wakalale.
"Taptoe. Ndiyo asili yake, hakuna zaidi.
Ni neno la bia, binti. La kunyimwa bia."

Nikacheka hadi povu likanipanda puani.

Maana kwetu Savai'i neno hilohilo,
au pacha wake wa mama mwingine,
halifungi kitu. Linafungua.
Kitana cha meno ya nguruwe, rungu dogo,
masizi ya kokwa yaliyokorogwa kwa maji,
na ngozi ya mtu imewambwa kwa mikono minne
kama hii ya ngoma yangu.
Ta, tau. Ta, tau.
Mama hulitumia hata jikoni:
kukamua tui kwa nyuzi za makumbi, tatau.
Mchungaji naye, akitukaripia: jambo lipasalo, tatau.
Kupiga, kukamua, kupasa.
Chagua, au acha kuchagua.

Baba yangu, Peniamina, anayo nusu.
Kiunoni mistari imesukwa kama mkeka,
inashuka paja la kushoto hadi karibu na goti,
halafu ghafla ngozi tupu,
ukurasa ambao mwandishi wake aliitwa mlangoni.
Kwetu hali hiyo ina jina,
nalo si jina la kumwita mtu mbele ya watoto wake.
Ndiyo maana huko Ōtara, miaka thelathini,
hakuoga baharini nasi hata Krismasi;
alivaa suruali ndefu ndani ya joto la kiwanda cha sabuni.
Mjomba akilewa husema: alishindwa na maumivu.
Baba humjibu kwa kumpitishia chumvi.

Nilimpigia simu palepale baa. Kwake kumekucha.
Nikampa kisa cha bilula, nikitaraji acheke.
Akanyamaza. Nikasikia birika
likianza kunung'unika upande wa pili wa dunia.

"Siku ya nne," akasema, "Fetu alishikwa na homa."

Fetu simjui. Nyumbani hatuna picha yake.

"Tulikuwa mkeka mmoja, tukipokezana.
Mtu hachanjwi peke yake, ana mwenzake.
Jeraha likaoza, wakampeleka Apia kwa lori la kopra.
Fundi akaniambia, lala wewe tumalize.
Nikatazama ule upande wa mkeka."

Birika likapiga mbinja. Hakuliondoa.

"Alirudi na mguu mmoja na nusu yake ya mistari.
Sasa ningepitaje mbele yake mimi, mzima,
yai limepasuliwa utosini, mafuta na manjano yanameremeta?
Nikasema basi.
Mwambie huyo mama, nami nilifunga bilula."

Kitu kikatatuka ndani yangu;
fumbo au nguo, sikujua.

Riet alishazima taa za nyuma.
Nikailaza simu juu ya meza, karibu na mkono,
nikapiga kwa ncha za vidole,
si wito wa jeshi, bali ule wa rungu dogo
niliousikia utotoni kwenye kibanda cha jirani,
mara moja tu, kabla sijafukuzwa.

"Unakimbia," akasema baba.

Nikarudia.

"Bado unakimbia. Mmejifunza kuandamana nyie.
Sikiliza, Sialei. Baada ya pigo la pili usipige.
Hapo katikati
kuna mtu anafuta damu."