Ncha ya Futi Kamba

Mimi ndiye niliyeshika ncha ya futi kamba
barabara ya Chikongola ilipopimwa upya.
Mhandisi anasoma, mimi naandika:
malori ya korosho, mita saba.
Mtaro, mita moja na nusu.
Mwarobaini: hapo nikapaka X nyekundu,
rangi ikanichirizikia kiganjani.

Hakuna aliyenituma niupime mwarobaini kwa saa.
Saa nne kivuli kiko juu ya cherehani ya Somoe Nampunda.
Saa saba kimeshamfikia muuza mihogo.
Saa kumi watoto wanacheza gololi ndani yake,
wanahama nacho shubiri kwa shubiri
wala hawajui kama wanahama.

Akaja Chitanda na baiskeli yake ya mikono,
akakwama ukingoni mwa mtaro usio na mfuniko.
Hakulalamika. Aliniomba futi.
Akapima magurudumu yake, kushoto hadi kulia:
sentimita themanini.
"Andika na hii," akasema. "Kalamu si unayo?"

Niliandika.
Mhandisi akakohoa, akageuza karatasi,
akachora daraja dogo na mteremko wake,
kama mtu anayesahihisha jina alilolikosea.

Mwarobaini, sijui. Kikao ni Alhamisi.
Ila jana usiku nilikwenda na kitambaa na mafuta ya taa,
nikasugua ile X mpaka gome likanuka.
Haikutoka yote.
Asubuhi Somoe akaitazama, akanitazama vidole,
akanisogezea kigoda:
"Kaa. Hapa jua bado."