Alama Moja

Daraja ni zuri, sikatai.
Limening'inia juu ya mto Tila kwa nyaya nene,
na leo nimelivuka na mzigo wa kuni mgongoni,
likanibembeza polepole, kama mtu anayefikiri.

Kabla halijajengwa alikuja kijana wa ofisi
kutoka Kathmandu, koti jipya, pua nyekundu kwa baridi,
akaketi kwenye kigoda cha mama mkwe wangu,
akauliza, kidole juu ya kioo:
"Je, wanawake watalitumia daraja hili?"

Tukatazamana.
Jaukala akasema, "Kwani tulikuwa tunaruka?"
Tukacheka mpaka chai ikapoa.
Yeye hakucheka. Alibonyeza.

Umebonyeza nini, mwanangu?
Alikuwa mwungwana, akanieleza:
fedha za wafadhili hupewa alama.
Sifuri: hatukuwakumbuka.
Moja: tuliwakumbuka njiani.
Mbili: ninyi ndio safari yenyewe.
"Daraja lenu," akasema, "ni moja."

Mimi Nandakali, mweka hazina wa kikundi cha Jumamosi,
namba naziogopa kiasi, nazipenda zaidi.
Sanduku letu la bati lina kufuli tatu,
funguo kwa wanawake watatu wasiopikiana chai
(tuliwachagua kwa sababu hiyo).
Basi nikakesha na ile moja,
nikaigeuzageuza kama punje ya shayiri iliyonasa kwenye jino.
Chuma chote kile, saruji, mshahara wa injinia,
gari lake lililokwama matopeni siku nne,
vyote vimeandikwa mahali fulani ng'ambo
kwamba vilitumika kwa ajili yangu.
Sikujua kuwa mimi ni ghali hivyo.

Sisi tuliomba nini? Nakala ya barua ninayo.
Tuliomba chumba cha kujifungulia, chenye jiko,
maana Pabitra alijifungulia zizini mwezi wa theluji
na mtoto hakulia.
Tuliomba ada ya kuandikisha mashamba
kwa majina yetu sisi tunaoyalima,
waume zetu wakiwa Qatar wanapanga matofali.
Tulijibiwa vizuri, kwa mhuri:
ombi ni dogo mno kufadhiliwa.

Dogo mno!
Kumbe kuna shida isiyofika kimo,
inayoambiwa mlangoni, nenda ukakue kwanza.

Baadaye ikaja semina. Siku mbili, hotelini Nepalgunj,
bango lenye uso wa mwanamke anayetabasamu
ambaye hakuna kati yetu aliyemjua.
Tukafundishwa kwamba tuna haki.
Jaukala akainua mkono:
"Hilo tunalijua. Nauli ya kuzifuata je?"
Wakamwandika: mshiriki amechangamka.

Na siku ya kukata utepe
walivuka wakubwa wa halmashauri,
wakavuka vijana na pikipiki zao,
wakavuka nyumbu wa tajiri Budha na makreti ya tufaha.
Sisi tulivuka mwisho.
Kwenye picha tukawekwa mbele.

Siwalaumu. Chuma ni chuma,
na mto ulikwisha kuchukua wawili wetu.
Ila katika daftari langu nimepiga mstari mpya,
safu nyembamba ukingoni, kwa penseli.
Jumamosi hii tumemkopesha Bimkala rupia elfu tatu
aende mjini na cheti cha ndoa, cha uraia, na picha nne,
arudi na shamba lenye jina lake.
Nimeandika: mbili.
Rupia hamsini za biskuti za mkutano: sifuri.

Na daraja?
Penseli imesimama hapo.
Kesho alfajiri Pabitra, tumbo la miezi minane,
atalivuka kwenda kituo cha afya, mwendo wa saa tano,
huku jiko la chumba tulichoomba
likiwa bado kwenye nakala ya barua.

Nitaandika akirudi.