Eti, kwa Kijerumani

Kitabu kimefika posta ya Tabora kwa rejista,
karatasi ya kaki, kamba, muhuri wa Hamburg.
Mchapishaji anataka Kiswahili chake kabla ya Desemba.
Ukurasa wa sita namkuta mama mzaa babu yangu,
Nyamizi, Mtemi,
ana miaka ishirini na miwili.

Ishirini na miwili!
Shingo ya swala, anasema mwandishi.
Usiku anapanda ngazi za boma, miguu mitupu,
kumpelekea Luteni Ahlers maziwa,
na Luteni anachukia vita,
anaandika mashairi,
anakohoa kwa staha.

Mimi nimelelewa Kanyenye na Bibi Kabula, mkwewe,
aliyemjua Nyamizi kwa harufu:
ugoro, samli, dawa ya magoti.
Sitini na ushei alikuwa nayo
Wajerumani walipomfikia.
Ngazi hakuzipanda.
Watu wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba
akiwatukana kwa Kinyamwezi njia nzima,
na bomani alikwenda mara moja tu, kudai chumvi,
magunia kumi na tisa yaliyochukuliwa bila stakabadhi.
Maziwa? Maziwa yalikuwa yakimharisha.

Kijerumani nakipenda, siwezi kukana.
Nilikisoma Halle miaka minne, baridi ikinipasua midomo.
Lugha inayovisha kila jina herufi kubwa,
hata Kamba, hata Chumvi, kila kitu mtemi,
na kitenzi hukaa mwisho wa sentensi
kama abiria wa Mpanda pale stesheni:
hujui amebusu au ameua
mpaka treni iingie.

Na huyu mwandishi ni fundi.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na moja
Nyamizi anajitupa mbele ya risasi ya Luteni
nami nikalia, mtu mzima, miwani ikajaa ukungu.
Halafu nikaona haya.
Msichana yule amekufa hajazaa.
Nani basi anayeandika mstari huu?

Niliwapelekea barua. Mhariri akajibu kwa upole:
Ni riwaya, Bi Kalunde.
Riwaya haidaiwi stakabadhi.

Sawa.
Lakini na Bibi Kabula, je?
Kwake risasi zilifika kwa Nyamizi zikawa uwele,
kuku wakazidonoa.
Kwake Luteni hakuwa na kope,
alikula mayai na maganda yake,
akilala anakodoa.
Haya niliwasimulia wanafunzi wangu miaka thelathini
kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.
Labda huko kwao yuko mjukuu wa Ahlers,
bibi mwenye kikapu cha sufi,
anayejua kuwa babu aliogopa popo,
kwamba alikuwa mnene,
kwamba hakuandika hata ubeti.
Naye kitabu kimemfikia kwa posta.

Wajerumani wana umbo la kitenzi
la mambo uliyoyasikia tu:
silali juu yake, nimeambiwa.
Magazeti yao yamejaa umbo hilo.
Mwandishi wangu, kurasa mia tatu na ushei,
hakulitumia hata mara moja.
Wala Bibi Kabula hakutumia letu,
herufi tatu, jepesi kama ganda la karanga.

Umeme umekatika tangu magharibi.
Nimewasha chemli, nimechonga penseli.
Naandika: *Na Nyamizi, eti, alimpenda.*
Nafuta. Nimelipwa nitafsiri, sikulipwa nishitaki.
Naandika: *Na Nyamizi alimpenda.*
Magoti yananiuma, yale yale, ya kurithi.
Nafuta.

Saa saba. Karatasi imechakaa pale pale,
imekuwa nyembamba, imetoboka.
Kwenye tundu naona ubao wa meza
na kijiko cha jioni nilichosahau kuosha
na punje chache, kwa herufi kubwa,
za Chumvi.