Unyaufu

Swali lake la kwanza halikuwa jina.
"Kilo ngapi?" aliuliza Kapteni Fulgensia Mnali,
kalamu sikioni, oili ya injini hadi viwiko.
Nikasema sabini na tano.
Akanitazama tumbo kama mtu asomaye barua ya jirani,
akaita mzani.

Mzani wenyewe niliutambua:
ule wa ghala letu la zamani, kioo kimepasuka pembeni,
uliopigwa mnada mwaka ule wa kesi.
Nikapanda juu yake Nachingwea nzima ikitazama,
nzima yaani mbuzi sita
na Chipoka, anayelipwa kuwafukuza uwanjani.
Themanini na nne.
"Hizo tisa," akasema, "ulitaka nani akubebee?"

Mimi ni karani wa mizani, mwaka wa kumi na tisa sasa.
Najua kidole gumba kinavyopumzika ukingoni mwa sahani,
najua neno *unyaufu* linavyotamkwa kwa upole,
kama pole ya msibani,
na gunia la mtu likapungua kilo mbili
bila korosho hata moja kudondoka.
Siibi, nilikuwa nasema. Si kangomba huyu. Nakadiria.

Ndege haikadirii.
Kidude cha viti viwili, cheupe enzi zake,
mlango unafungwa kwa komeo kama la banda la kuku.
Kila Jumamosi, kabla ya ufunguo, tunajumlisha:
yeye hamsini na nane, mimi themanini na nne,
petroli, chupa ya maji, hata viatu.
Ukidanganya, anasema, itakujibu mwisho wa uwanja,
pale inapoanza mikorosho.

Wiki ya saba alinifundisha kuanguka.
Inua pua, inua tena. Injini ikashusha sauti,
usukani ukalegea kama mkono wa mgonjwa,
king'ora kikalia chembamba,
halafu bawa likakata tamaa.
Tumbo langu lilibaki juu, sisi tukaenda zetu.
"Usivute! Mwache ashuke pua!
Anayevuta ndiye anayeanguka."
Nilivuta. Maisha yangu yote nimevuta.
Mara ya nne nikasukuma,
hewa ikatushika kwapani.

Kutoka juu, shamba halina jina la mtu.
Miti ya zamani imegusana vichwa, michanga imeachana,
bati jipya linang'aa kama jino la dhahabu.
Nikaitafuta nyumba ya Bi Sikujua Namtimba,
niliyempunguzia kilo kumi na moja msimu wa mvua nyingi.
Nikaiona. Ya nyasi bado. Moshi umesimama wima.
"Upepo umetulia," nikasema.
Kapteni akanisifu kwa kusoma moshi.

Halafu Jumamosi moja ya Julai, injini ikiunguruma,
akafungua komeo akashuka.
Akaufunga mkanda wa kiti chake kitupu, usichezecheze.
"Zunguka mara moja. Utaikuta nyepesi. Usishangae."

Nilishangaa.
Iliruka kabla sijaiomba,
hamsini na nane hazipo,
hakuna wa kusema mguu wa kulia, mguu, mguu!
Nikajisemea mwenyewe kwa sauti, kwa Kimwera,
kasi, kimo, mafuta,
namba baada ya namba, zote za kweli,
maana hapakuwa na wa kudanganya.

Gurudumu likagusa, likakataa.
Likagusa, likakataa.
Kisha ardhi nyekundu ikanikubali, mimi na vumbi langu.
Chipoka alicheka mpaka baiskeli ikamponyoka.
"Umetua mara tatu," alisema Kapteni, daftari gotini.
"Nitakuandikia moja."
Nikamwomba asinipunguzie.
Akanitazama kidogo, akaandika tatu.

Oktoba mnada unafunguliwa.
Bi Sikujua atakuja na magunia yake, mawili, labda matatu,
kamba zimefungwa kwa fundo lake lile lile.
Nitasimama mbali na sahani, mikono mgongoni,
mshale utacheza, utatafuta mahali pake.
Ataisoma mwenyewe.
Zile kumi na moja
sijui nitazianzia wapi.