Tabaka la Chini

Bi Somoe kaleta picha iliyokunjwa mara nne,
mkunjo umepita shavuni mwa Chinguile.
Programu ni ya bure, kompyuta ya kuazima,
umeme wa Newala hauna ahadi:
nahifadhi kila hatua.

Nanakili tabaka; la asili siligusi.
Napandisha mwanga. Kidogo tu,
ukizidisha mtu anageuka majivu.
Nachota ngozi safi chini ya jicho,
naipaka juu ya ufa, tone kwa tone.

Mkono ukanoga. Nikafuta na doa la paji.

“Hilo rudisha,” akasema.
“Mafuta ya ganda la korosho yalimrukia
tukibangua, mwaka aliponioa.”

Nikazima tabaka la juu.
Doa lile pale.
Akasogeza uso kwenye kioo,
akalipuliza.